Kabla Haijaiva

Ukitoka Morogoro kwa barabara iendayo Dodoma, ukafika Dumila, ukaiacha njia kuu na kushika mkono wa kushoto kuelekea Kilosa, utafika Msowero kabla hujamaliza mazungumzo uliyoyaanza na jirani yako wa kiti. Leo njia hiyo ina lami. Nilipoijua mimi kwa mara ya kwanza, mwaka 2009, ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na abiria walishuka kulisukuma basi bila ya kuombwa. Mimi ni mtu wa Unguja, tena wa mjini, na huko nilipelekwa na sababu ambayo imewapeleka wanaume wengi mahali wasipopatarajia: nilioa. Wakwe zangu ni wakulima wa mpunga na mahindi. Mimi kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Baba mkwe, majirani walipomtaka aeleze mkwewe anafanya kazi gani, aliwaambia kwamba nashona madaftari ya umeme, na tangu siku hiyo sijapata maelezo yaliyo bora kuliko hayo.

Nataka kusimulia habari za daftari moja la aina hiyo, ambalo nililitoa mara ya kwanza nikiwa nimechelewa na mara ya pili nikiwa nimewahi, na mara zote mbili waliolipia kosa langu walikuwa watu wengine.

Kijijini hapo kilikuwepo kikundi cha wakulima, ambacho jina lake nalihifadhi, chenye ghala la matofali ya kuchoma na paa la bati. Wanachama walileta mpunga wao baada ya mavuno, mwezi wa Juni na Julai, wakauweka mpaka bei ianze kupanda mwishoni mwa mwaka. Aliyeshika hesabu alikuwa mzee mmoja aliyewahi kuwa karani katika shamba la mkonge, na watu wote, wakubwa kwa wadogo, walimwita Babu Karani. Daftari lake lilikuwa kubwa, la jalada gumu, lenye safu alizozipiga mwenyewe kwa rula; mpunga ulioingia aliuandika kwa kalamu ya buluu, uliotoka kwa kalamu nyekundu. Hata hivyo msimu haukupita bila ya ugomvi. Mtu alisema aliweka magunia manane, daftari likasema saba. Mwingine alidai kwamba jina lililoandikwa si lake bali ni la binamu yake. Nikiwa mgeni mwenye kiherehere cha mgeni, niliona dawa ya ugomvi huo ni mimi.

Nilianza kuandika mwaka 2010. Nilikuwa na wenzangu wawili katika kazi hiyo, mmoja wa Dar es Salaam na mmoja wa Mombasa, ambao hadi leo sijawahi kukaa nao meza moja, na tulikubaliana tangu siku ya kwanza kwamba programu yetu itakuwa huria, yaani msimbo wake utakuwa wazi kwa kila mtu kuusoma, kuunakili, kuurekebisha na kuugawa. Katika hilo hatukugombana. Tuligombana juu ya siku ya kuitoa.

Katika ada za kazi yetu, programu hupita ngazi kama mtoto. Toleo la kwanza kuonyeshwa watu, likiwa bado lina mapengo yake na hitilafu zake, huitwa toleo la alfa. Likishapata viungo vyote lakini likawa bado linasakwa makosa, huitwa beta. Ndipo baadaye huja toleo kamili. Alfa ni herufi ya kwanza ya Kiyunani, ndugu ya alifu yetu, na aliyepita chuoni akasomeshwa alifu kwa ujiti hahitaji kuelezwa zaidi. Mtoto aliye katika alifu husikilizwa, husahihishwa, hutiwa moyo. Hapewi kusalisha.

Wenzangu walitaka alfa itoke mapema. Walinikumbusha insha ya Mmarekani Eric Raymond ya mwaka 1997, iliyolinganisha ujenzi wa kanisa kuu, kazi ya mafundi wachache waliojifungia nyuma ya uzio, na soko ambamo kila mtu husema lake. Na ushauri wake kwamba mwandishi wa programu aitoe kazi yake mapema, aitoe mara kwa mara, kisha awasikilize wanaoitumia. Walinitajia kijana wa Helsinki, Linus Torvalds, aliyewatangazia watu kazi yake tarehe 25 Agosti 1991, akatoa mwezi uliofuata toleo la 0.01 ambalo lilikuwa haliwezi mengi. Linux haikufikia 1.0 mpaka Machi 1994, na katika miaka hiyo miwili na nusu ilikuwa imekwisha kupita katika mikono ya watu wengi wa nchi nyingi. Kwa upande wa pili walinitajia Hurd, kiini cha mfumo wa GNU kilichoanza kuandikwa mwaka 1990 kwa ustadi na kwa hesabu ndefu, ambacho mpaka leo hakijafikia 1.0.

Hoja zao niliziona. Sababu niliyowapa ya kuchelewa ni kwamba nataka kazi iwe madhubuti; sababu ya kweli ilikuwa aibu. Sisi tumelelewa katika nyumba ambazo mgeni haonyeshwi jiko mpaka chakula kiwe kimepakuliwa, na mimi nilihamishia jambo hilo katika fani ambayo haikulihitaji. Nilikaa na programu ile miezi 14. Wiki sita nzima za miezi hiyo nilizitumia kuchora stakabadhi yenye pindo kama la kanga, hali ya kuwa ghala lenyewe halikuwa na mashine ya kuchapia.

Juni 2011 nikaipeleka. Babu Karani alivaa miwani, akaitazama skrini kwa adabu kama mtu anavyotazama picha za harusi ya watu asiowajua, kisha akauliza:

“Sasa mkwe, debe nitaliandika wapi?”

“Hapa tunaandika kilo, babu.”

“Kilo nitazipata wapi, na mzani hatuna?”

Sikuwa na jibu. Katika miezi 14 sikupata kuuliza kama ghala lina mzani. Mpunga pale ulihesabiwa kwa gunia na kwa debe, na gunia lenyewe halikuwa kitu kimoja: lipo la kawaida, lililoshonwa likiwa limejaa mpaka mdomoni, na lipo la lumbesa, lililoongezewa kilemba juu likafungwa kwa kamba, ambalo sheria ya vipimo inalikataza na walanguzi wanalidai. Babu Karani aliyapambanua hayo katika daftari lake kwa alama ndogo aliyoibuni mwenyewe, kitone juu ya tarakimu. Programu yangu haikuwa na pahali pa kitone. Ilinibidi niibomoe tangu msingi, na alipoona nimenyongea alinifariji kwa kusema kwamba rangi zake zilikuwa nzuri.

Lililonitia uchungu si ile kazi iliyobomolewa. Ni kwamba swali lile Babu Karani angeniuliza hata kama ningempelekea kazi ya siku tatu, yenye skrini moja, mbovu, isiyo na pindo wala rangi. Msimu mzima watu walikuwa wamegombana ghalani huku mimi nikichora kanga.

Aliyeumwa na nyoka, akiona ung’ongo hushtuka. Nami kwa kuuogopa ung’ongo wa kuchelewa nilikimbilia upande wa pili. Juni 2012 nilirudi na toleo la 0.3, alfa halisi, likiwa ndani ya kompyuta ya mkononi iliyokwisha tumika, iliyochajiwa kwa umeme wa jua. Liliandika gunia, debe na lumbesa, wala halikuandika kingine. Siku hiyo hiyo msimbo wake tuliuweka kwenye intaneti. Programu ilipofunguka kwa mara ya kwanza ilionyesha masharti ya leseni, kurasa kadhaa za Kiingereza, na chini yake kitufe ambacho mimi mwenyewe, kwa kujivunia lugha yangu, nilikuwa nimekiandika kwa Kiswahili: Nakubali. Babu Karani aliniangalia. Nikamwambia abonyeze tu. Nikamweleza kwamba programu hii ni huria, hakuna kilichofichwa ndani yake, na nilisema kweli. Kisha nikaongeza neno ambalo laiti ningelimeza: kwamba kuandika mara mbili ni kujichosha, basi daftari aliweke kabatini.

Wiki za mwanzo zilikuwa za furaha, na sitaki kuzificha, maana ndizo zinazowavuta watu katika kazi hii. Babu Karani alipanda kilimani kwenye mtandao wa simu, akanipigia Unguja kunieleza lililomkera. Usiku ule ule mmoja wetu alilirekebisha. Siku ya mnada mtu akapeleka marekebisho kwa flashi. Aligundua kwamba wanachama wanne walikuwa na jina moja na jina moja la baba, na kwamba huwatofautisha kwa vitongoji. Aligundua kwamba mashine inakubali tarehe 30 Februari. Mtu wa Mombasa, ambaye hajawahi kuliona gunia la Msowero, alijifunza kitone cha lumbesa akakiandikia msimbo uliokuwa mzuri kuliko wangu. Kila tulilofundishwa mwezi ule lingetuchukua miaka kulikisia tukiwa peke yetu.

Hitilafu iliyotuumiza haikuzidi mistari minne. Betri ilipozimika katikati ya kuhifadhi, faili liliandikwa nusu. Na programu ilipowashwa tena, iliona faili limeharibika, ikarejesha nakala ya zamani, ikaendelea na kazi bila ya kumwambia mtu. Niliiandika hivyo makusudi, ili mtumiaji asitishwe na maneno mengi. Mwezi wa Julai betri ilizimika hivyo baada ya siku tisa ambazo nakala mpya haikuwa imechukuliwa, na siku hizo tisa zikafutika kimya kimya. Mavuno yalikuwa mengi, foleni ndefu, na hakuna aliyerudi nyuma kutazama.

Yaligundulika Januari 2013. Mama mmoja, mjane, alikuja kuchukua mpunga wake auze, mwanawe akaanze kidato cha kwanza. Wakati huo ada ya sekondari ilikuwa bado inalipwa. Alikuwa ameweka magunia sita. Mashine ilimwonyesha mawili. Vikaratasi vidogo ambavyo Babu Karani aliwapa watu zamani, alikuwa ameacha kuviandika kwa sababu mimi nilimwambia stakabadhi zitachapwa. Hata wiki haikwisha, wakapatikana wengine, jumla 17. Nilipigiwa simu, nikavuka bahari siku ya pili.

Mkutano ulifanyika nje ya ghala, chini ya mwembe. Waliokuwa wamesaidia kushusha magunia waliulizwa wanachokumbuka. Walioshuhudiana walipewa haki yao. Wasiokuwa na shahidi walikubaliana kugawana kilichobaki. Yule mama alipata manne. Nililipa nilichoweza, na kiasi sikitaji kwa kuwa hakikutosha. Hakunifokea. Alisema tu, mbele ya watu wote: “Mkwe, mimi hiyo kompyuta siijui. Mpunga wangu niliuleta kwa Babu, na Babu aliambiwa na wewe.” Babu Karani alikuwa amekaa kwenye kigoda akitazama chini, na katika msiba wote ule sura yake ndiyo iliyonishinda kuitazama.

Ndipo kijana mmoja aliyesimama nyuma akasema, si kwa sauti kubwa, “Mangungo kaja tena.” Watu wakacheka, hata waliopoteza.

Msomaji wa visiwani huenda hajapata kufika Msowero, lakini jina lake alilisoma darasani kwa tahajia ya Msovero, na wenyeji wanasema ndipo hapa. Novemba 1884 Carl Peters na wenzake walifika Unguja wakijifanya mafundi, wakavuka kwenda bara, na katika wiki chache wakazunguka Uzigua, Unguu, Usagara na Ukami wakikusanya alama za watawala kwenye karatasi. Tarehe 29 Novemba mmoja wa watawala hao, Mangungo wa Msovero, alitia alama yake kwenye hati iliyoandikwa kwa Kijerumani, iliyosema kwamba anaitoa nchi yake pamoja na haki zake zote kwa jumuiya ya wakoloni ambayo hakupata kuisikia. Tarehe 27 Februari 1885 Kaiser alitoa hati ya kuzilinda nchi hizo. Sayyid Barghash alipinga. Agosti mwaka huo huo manowari za Kijerumani zikaja kusimama mbele ya mji wetu, naye akalazimika kunyamaza. Karatasi iliyotiwa alama katika bonde lile ndiyo iliyoleta mizinga ufukweni kwetu, na sisi wa Forodhani hatuna desturi ya kuikumbuka hivyo. Bara wanaikumbuka. Mkataba wowote mbaya, uwe wa mgodi au wa umeme, huitwa wa Mangungo, jambo ambalo kila mara nimeliona kuwa ni kumwonea marehemu, kana kwamba kosa lilikuwa la yule asiyeweza kusoma.

Usiku ule, nyumbani kwa wakwe, sikulala. Nilijitetea kwanza. Sikuja na hila. Sikuchukua ardhi ya mtu. Msimbo wangu uko wazi duniani kote, ausome anayetaka. Kisha nikakumbuka kwamba hati ya Mangungo nayo ilikuwa wazi. Hakuna aliyemficha herufi. Ziliwekwa mbele yake zote, kwa wino mweusi. Nikawasha kompyuta ile ile, nikafungua yale masharti juu ya kitufe cha Nakubali, nikayasoma kwa mara ya kwanza kama mtu anayeyasikia kwa mkalimani. Yanasema, kama zinavyosema leseni zote za programu huria ninazozijua, kwamba programu inatolewa kama ilivyo, bila ya dhamana ya namna yoyote, na hatari yote iko juu ya anayeitumia. Anayeitumia alikuwa Babu Karani, ambaye hasomi Kiingereza. Hatari ilikuwa juu ya yule mama, ambaye hakubonyeza kitu.

Sharti lile si baya. Bila yake hakuna mtu ambaye angethubutu kugawa kazi yake bure. Lakini lilizaliwa baina ya mafundi. Waliolichukua toleo la 0.01 la Torvalds walikuwa watu wenye kompyuta zao wenyewe, wenye kuujua msimbo, waliotafuta hasa kitu kibichi cha kukichezea. Likiharibika, kilichopotea ni jioni zao. Mimi niliuchukua ushauri wa mapema na mara kwa mara kutoka katika soko lile, nikaupeleka katika soko jingine bila ya kuuliza kama bei inalipwa na yule yule anayechagua.

Sisemi kwamba kilicho kibichi kisitoke. Ningekuwa na makosa ya 2011 tena. Wakenya wanayo programu iliyobeba jina la Kiswahili, Ushahidi, na habari yake ni hoja nzito dhidi ya kusubiri. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Disemba 2007 nchi iliwaka moto, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya habari. Mapema Januari 2008 Ory Okolloh alitoa rai kwamba ghasia hizo ziwekwe kwenye ramani. David Kobia, Erik Hersman, Juliana Rotich na wenzao wakaitikia, na katika siku chache ikawepo tovuti iliyopokea taarifa za watu kwa simu na kwa intaneti. Ilikuwa kazi ya haraka na ilionekana hivyo. Kama wangesubiri iive, ingeiva baada ya mazishi. Baadaye waliiandika upya iwe programu huria ambayo wengine wangeweza kuitumia, na toleo lake la alfa lilipelekwa mashariki ya Kongo Novemba 2008, wakati wa mapigano ya Kivu ya Kaskazini. Januari 2010, Haiti ilipopigwa na tetemeko la ardhi, ramani ya Ushahidi ilisimama ndani ya saa chache.

Nimeifikiria sana kazi hiyo, na ninaona tofauti moja kati yake na yangu ambayo haihusu ustadi. Ramani yao ya Januari 2008 iliingia mahali palipokuwa patupu. Hakuna aliyeambiwa alifunge daftari lake kwa sababu ramani imekuja. Ikikosea, watu walibaki pale walipokuwa. Ikisibu, walipata kisichokuwepo. Yangu iliingia mahali palipokuwa na kitu, kitu cha miaka mingi, chenye kitone chake, nami nikakitoa kabla sijajua kama changu kitasimama.

Kuna bidhaa moja tu, nadhani, ambayo inaweza kutolewa mbichi bila ya kumkosesha mtu mpunga wake, nayo ni neno. Mwishoni mwa mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na kwa mara ya kwanza nikaona menyu za kompyuta zinazosema lugha ya nyumbani. Tulicheka baadhi ya maneno. Mengine tunayatumia leo bila ya kukumbuka kwamba tuliyacheka. Hata chombo chenyewe kiliitwa ngamizi na kikaitwa tarakilishi, mpaka kompyuta likashinda kwetu na tarakilishi likashika Kenya. Na katika majaribio yote hayo hakuna aliyelala njaa.

Asubuhi baada ya mkutano baba mkwe alinichukua shamba. Hakuwa mtu wa kutoa mawaidha, na mpaka leo sijui kama alikusudia kunifundisha au alikuwa tu na palizi. Mahindi ya vuli yalikuwa yamebeba. Akavunja mawili mabichi, akawasha moto pembeni ya shamba, tukachoma tukala. Nikamuuliza, kwa kutafuta la kusema, kwa nini hawavuni yote wakati huu, maana ni matamu. Akaniambia mahindi ya kuchoma huliwa papa hapa shambani, na mwenye shamba, ili ajue yanaendeleaje. Ukiyapeleka ghalani hivi yataoza, tena yataozesha na yale makavu uliyoyakuta. Akaongeza kwamba asiyeonja kabisa mpaka siku ya kuvuna huenda akavuna mabuwa. Kisha akarudi kwenye jembe lake.

Tulianza tena Juni 2013, kwa toleo la 0.4. Safari hii walioingia walikuwa wanachama kumi tu, waliojitolea wenyewe baada ya kusikia kila kitu kilichotokea, na yule mama hakuwa miongoni mwao, wala sikumwomba. Babu Karani aliandika kwanza daftarini, kisha kwenye mashine. Kila Jumamosi tulilinganisha vitu hivyo viwili, mstari kwa mstari, mimi nikiwa Unguja na simu sikioni, yeye kilimani na daftari gotini. Kazi ilikuwa ya kuchosha, kama nilivyokuwa nimeahidi kwamba haitakuwa. Msimu ulipokwisha tulikuwa na tofauti 31: 26 zilikuwa makosa ya mashine, na tano, Babu Karani alikiri huku akicheka, zilikuwa za daftari. Msimu uliofuata makosa ya mashine yalikuwa matatu. Mwenzangu wa Dar es Salaam alinilaumu kwamba kwa mwendo huu tutafika 1.0 tukiwa na mvi. Tulifika mwaka 2016. Mvi ninazo, ila sizihusishi na jambo hilo. Ghala lina mzani sasa, na karani ni binti mmoja wa pale pale aliyemaliza sekondari. Daftari bado linaandikwa.

Ninaloliona mara nyingi nikikumbuka ni ile asubuhi ya Juni 2013, kabla ya kuiwasha 0.4. Babu Karani aliniambia nisubiri. Alitoa daftari kabatini, akafungua ukurasa mtupu, akanitaka nimweleze kwa kinywa yote ninayojua kwamba yanaweza kuharibika. Nikaeleza, akaandika kwa kalamu nyekundu, kwa Kiswahili, mistari 11. Betri ikizimika. Kompyuta ikiibwa. Mashine ikisahau bila ya kusema. Akanisomea, nikasahihisha mawili. Akauliza mpunga ukipotea kwa sababu ya mashine atalipa nani, nikajibu, akaliandika na jibu hilo. Kisha akaligeuza daftari likanielekea, akanipa kalamu. Nikatia sahihi, sahihi yangu ya benki, yenye mikunjo, isiyosomeka. Akaitazama kwa muda, akaikata kwa mstari mmoja ulionyooka, akaniambia niandike jina langu lote, kwa herufi ambazo yeye anaweza kuzisoma.